Kadi za Kipaimara Zilizotoka Bila Jina

Jumatano, tarehe 14 Mei 1997. Asubuhi manyunyu, ukungu umelala juu ya mpunga mpaka saa tatu, kisha jua kali.

Ndivyo nilivyoandika siku ile, na sijabadilisha kitu. Mengine nayaeleza kwa kukumbuka, na mtu akikumbuka mambo ya zamani hupenda kujipa maneno mazuri ambayo hakuyasema. Nitajitahidi nisifanye hivyo. Nikishindwa, basi ujue si kwa makusudi.

Nilikuwa karani wa parokia, hapa Ifakara. Niseme haki tangu mwanzo: kazi ile niliipata kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi wa mapadri. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwaka mmoja wa taipu kwa masista. Walikuwepo wasichana wa kidato cha nne wamekaa tu nyumbani, na mmoja wao aliwahi kuniambia sokoni, bila hasira, kwamba kiti kile kilikuwa chake. Sikumbishia. Mpaka leo sina hakika kama hakuwa sahihi.

Kompyuta ilikuja ikiwa kwenye maboksi, zawadi ya waamini wa parokia moja ya Ulaya. Paroko aliiweka ofisini kwangu kwa kuwa ndiko kulikokuwa na feni. Miezi ya kwanza niliifunika kitenge na kuifuta vumbi kila asubuhi, basi. Siku moja akaja kijana mmoja wa Kisukuma, mtunza stoo ya dawa wa hospitali ya misheni, kuja kumtazamia Paroko waya wa printa. Akanikuta nafuta kioo kwa pembe ya kitambaa. Akasema, "Dada, hii si picha ya mtakatifu. Iguse."

Tangu hapo akawa anapita mara mbili kwa wiki akitoka kazini, ananifundisha. Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam mwaka mmoja na kidogo, kisha baba yake akaugua, akarudi nyumbani kwao Kisawasawa kuangalia mifugo, halafu ndipo akapata kazi ya stoo. Hakuwa Mkatoliki na hakuwa na sababu yoyote ya kupoteza jioni zake kwetu. Mimi ni Mpogoro, yeye Msukuma, na alikuwa ananiita mtani, sijui kwa hesabu gani, kwani sijapata kusikia kwamba makabila yetu yana utani. Lakini alisema utani ni kama njia ya ng'ombe, ukishapita siku tatu inakuwa ipo.

Mama alikuwa anakaa mlangoni siku zote anapokuja, na sinia la maharage ya mapadri mapajani, anachambua. Hakusema ni kwa nini anachambulia pale na si jikoni. Wote watatu tulijua.

Alinifundisha lugha ya kuiagiza kompyuta iitwayo besiki. Na kazi yangu ya kwanza ya kweli, si ya mazoezi, ilikuwa kadi za kipaimara.

Baba Askofu alikuwa anakuja siku ya Pentekoste, Jumapili ya wiki ile. Wiki yenyewe alikuwa upande wa Mlimba, anatoa kipaimara huko. Kwetu, kila mtoto anayepewa kipaimara hubandikwa kadi kifuani kwa pini. Juu jina la ubatizo kwa herufi kubwa, chini yake jina la baba na la ukoo kwa herufi ndogo. Askofu anapompaka mtoto mafuta ya krisma kwenye paji la uso humwita kwa lile jina kubwa. Hana nafasi ya kuuliza. Anatazama kifuani, anaita, anapaka, anakwenda kwa mwingine. Mwaka mmoja kadi moja ilidondoka, mtoto akaitwa jina la mwenzake, na mama yake alilia mpaka misa ikaisha. Wengine wakamwambia haina neno, Mungu anamjua. Yule mama akasema Mungu ndiyo anamjua, lakini yeye alitaka asikie.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika majina ya watoto wote kwenye faili moja, kila mtoto mstari wake, kama yalivyo kwenye kitabu cha ubatizo: jina la mtoto, la baba, la ukoo. Kisha nikatunga kipande kidogo cha programu, mwalimu wangu alikuwa anakiita fanksheni. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Chukua mstari. Tafuta nafasi ya kwanza, ule uwazi unaotenganisha neno na neno. Kilichotangulia uwazi huo ni jina la ubatizo, kiandike juu. Kinachofuata, kiandike chini. Nilikuwa nimekijaribu kwa majina matatu ya mfano na kikaenda vizuri, nikatembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumatano ile asubuhi nikawasha printa nitoe kadi zenyewe. Zikaanza kutoka na ule mlio wake wa kukwaruza. Ya kwanza sawa. Ya pili juu kweupe. Hakuna jina kubwa. Chini, kwenye herufi ndogo, jina zima la mtoto limejibana na la baba na la ukoo. Ya tatu vilevile. Ya nne sawa. Nikaizima, nikaiwasha, nikaanza upya. Zikarudi vilevile, mtoto kwa mtoto.

Wakati karatasi bado zinaning'inia kwenye printa, akaingia mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu msafi, hajawahi kunipita bila kunijulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imeamkaje?"

"Imeamka salama."

Akavuta karatasi, akaisogeza mbali na macho. "Huyu mtoto hana jina?"

"Analo, mzee. Lipo hapa chini."

"Askofu atasoma chini?"

Mzee akaiweka karatasi mezani taratibu, akainyoosha kwa kiganja. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe, wala na mashine. Lakini kule sekondari ya wasichana yupo mwalimu anawafundisha watoto kompyuta kwa kuichora ubaoni. Anaichora kwa chaki. Sisi tunayo ya kweli, inatoa watoto wasio na majina. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

Nilitamani kumchukia ila nilishindwa, kwa sababu ningekuwa yeye ningesema vilevile. Akanieleza kwamba halmashauri inakaa siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni, na yeye atapendekeza makatekista waandike kadi kwa mkono, na baada ya sikukuu mashine ihamie sekondari. Akaniambia mapema ili nisije nikasikia mbele za watu. Huo ulikuwa uungwana wake na nauandika hapa.

Akaondoka. Nikabaki nimekaa. Sijui kama mtu aliyesoma anaweza kuelewa. Darasa la saba niliishia pale, hakuna aliyenichagua kwenda mbele, na sikuwa na akili ya ajabu ya kunifanya nilalamike. Lakini miezi ile, jioni mbili kwa wiki, nilikuwa nasoma tena. Shule yangu yote ilikuwa juu ya meza ile. Ikibebwa, mimi narudi kwenye taipu na vyeti vya ndoa, na sitajua tena kama ninaweza kitu au siwezi.

Mama akaingia na chai, akaniangalia, akatazama karatasi. Akavua aproni, akaenda mwenyewe kwa miguu hospitalini kwa mwalimu wangu. Aliporudi jasho lilikuwa linamtoka.

"Anakuja saa saba, muda wa chakula. Amesema usiguse kitu chochote. Amesema pia mashine haijawahi kumchukia mtu, kwa hiyo uache kulia."

"Mama, mimi sijalia."

"Nimemwambia unalia, ili aje."

Nikatii, sikugusa. Ila mikono haikai, basi nikazipanga zile kadi: zenye jina juu upande huu, zisizo nalo upande ule. Nikajaribu kufikiri. Labda ni watoto wa vigango vya mbali? Hapana, wamechanganyika. Labda ni wale niliowaandika siku umeme ulipokuwa unapepesa? Nao wamechanganyika. Nikazitazama mpaka macho yakauma. Ndipo nikaona jambo ambalo lilinitia hofu kidogo: waliokosa jina wote walikuwa na majina mafupi. Mtoto mwenye jina refu la ubatizo, baba jina refu, ukoo jina refu, kadi yake safi. Mwenye majina mafupi, kweupe.

Nilijisikia mjinga kuwaza kwamba mashine inabagua majina mafupi. Nikaamua nisimwambie.

Saa saba akafika, ana harufu ya stoo ya dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Ng'ombe walikuzuia njiani?"

"Mama, ng'ombe wetu wako Kisawasawa. Wanaozuia watu mjini hapa ni bata wenu."

"Bata wetu hawajala shamba la mtu."

"Basi mama, yaishe." Akanigeukia. "Mtani, hebu."

Nikanyanyuka nimpishe kiti. Akakataa. "Kaa wewe. Mimi nikishika hiyo kibodi utajifunza kuangalia mgongo wangu." Akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni. "Kabla ya mashine, mweleze mama pale mlangoni hiyo fanksheni inafanya nini. Mweleze kama unamtuma dukani."

Nikaona aibu, ila nikamweleza. Mama akasikiliza huku anachambua. Mwisho akasema, "Sasa hapo kigumu kiko wapi?"

"Ndiyo hivyo," akasema yeye. "Hakipo. Maagizo ni mazuri." Akasoma kipande changu kwenye kioo, akakirudia kwa sauti. Kisha akasema, "Andika jina langu." Nikaliandika, yote matatu, na jina lake la kwanza lina herufi nne tu. Nikaiendesha. Likatoka sawasawa, kubwa juu, madogo chini.

Hapo dhana yangu ya majina mafupi ikafa, na nikashukuru kwamba sikuisema. Lakini dakika chache baadaye akaniuliza, "Zile kadi umezipanga mafungu mawili. Uliona nini?" Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia mafupi yanakosa, marefu yanapita, najua ni upuuzi.

Hakucheka. "Si upuuzi. Umeona kweli, ila hujui ni kwa nini. Hata mimi sijui."

Nataka niseme juu ya neno hilo. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia, katika watu waliosoma kunizidi, akisema hajui na sauti yake isibadilike. Walimu wangu wa shule walikuwa wazuri, sina neno nao, ila walipokuwa hawajui walikuwa wanatuchapa.

Yeye mwenyewe kwanza alikisia vibaya. Alidhani faili limeharibika kwenye disketi, tukalinakili kwenye disketi nyingine, tukapoteza robo saa, majibu yakawa yaleyale. Akajikuna kichwa. Kisha akasema, "Sisi tunatazama tunachokiona sisi. Tuiambie itutolee inachokiona yenyewe. Ongeza mstari mmoja: kabla hujakata chochote, chapa jina lote, ulifunge kwa nyota mwanzo na nyota mwisho."

Nikaandika. Nikaiendesha kwenye kioo.

Jina la mtoto wa kwanza, lile refu, likatoka limebanwa na nyota pande zote mbili. La mtoto wa pili likatoka nyota, kisha kweupe, kweupe, kweupe, ndipo jina, ndipo nyota.

Nikatazama. Yeye nadhani alishaona, akaniacha nione mwenyewe.

"Kuna uwazi mbele," nikasema.

"Upo. Na fanksheni yako umeituma itafute nini?"

"Uwazi wa kwanza."

"Imeupata?"

Imeupata. Ilikuwa imeupata palepale mlangoni, kabla ya herufi yoyote, na kama nilivyoiagiza, ikachukua kilichotangulia uwazi ule. Hakukuwa na kitu. Ikaandika hakuna kitu, kwa herufi kubwa. Haikukosea hata kidogo.

"Fungua faili," akasema. Nikalifungua, na majina yakaonekana yamekaa katikati, mstari kwa mstari, mazuri kama kichwa cha barua. Yeye akaanza kucheka, akashika ukuta. "Mtani. Nani alikuambia uyaweke katikati?"

Hakuna aliyeniambia. Ni vidole vyangu. Sista aliyetufundisha taipu alikuwa mkali sana katika jambo hilo: hesabu herufi za kichwa, gawa kwa mbili, rudi nyuma nusu yake kutoka katikati ya karatasi, ndipo uanze. Kichwa kilichokaa pembeni alikuwa anakichana mbele ya darasa. Nilikuwa hodari katika hilo, pengine ni kitu pekee nilichokuwa hodari. Basi kila jina la mtoto nililihesabu, nikaligawa, nikalisogeza kwa kitufe kirefu cha chini mpaka likae katikati ya upana wa kadi. Jina refu linajaza upana wote, halihitaji kusogezwa. Jina fupi linasogezwa sana. Nilifanya hivyo kwa mia mbili na zaidi, na nilifurahi nilipokuwa nafanya.

Sitaki mtu afikiri sista alinifundisha vibaya. Alinifundisha vizuri, kwa mashine nyingine. Kwenye karatasi, pasipo na kitu ni pasipo na kitu.

"Kwa hii," akanieleza, "uwazi nao ni herufi. Umeibonyezea, imeiandika, imeihesabu. Wewe huioni, yenyewe inaiona kama inavyoona A." Akaongeza, akinyanyua kidole, "Na mimi ningefungua faili tangu nilipoingia tungekuwa tumeshamaliza. Hilo ni langu, liandike kwenye daftari lako." Nimeliandika.

Nikasema basi nizifute zile nafasi zote, mstari kwa mstari, nimalize. Akatikisa kichwa. "Utazifuta leo. Mwakani utaziweka tena, maana vidole vyako havitasahau. Iambie mashine izitupe yenyewe. Maadamu herufi ya kwanza ni uwazi, iondoe, tazama tena. Ikiwa bado ni uwazi, iondoe. Mpaka ukutane na herufi ya kweli. Na ukitaka jina likae katikati ya kadi, hiyo kazi mpe mashine, ihesabu yenyewe na igawe kwa mbili."

"Kumbe ni kama kuchambua," mama akasema kutoka mlangoni.

"Ni kuchambua, mama. Ila huyu hachoki na hapigi umbea."

"Mimi nimepiga umbea gani?"

"Sijasema wewe."

Nikaandika ile mistari mwenyewe, yeye akiniambia tu nilipokosea alama. Tukaijaribu kwa mtoto wa pili, jina kubwa likakaa juu. Ilikuwa karibu saa nane. Akanywa chai kwa kusimama, akasema atapita tena saa kumi, akarudi stoo.

Nikawasha printa. Zikatoka, zikatoka, nikawa nazikunja na kuzichana kwenye mstari wa vitobo, kisha kuzipanga. Halafu, zikiwa zimepita zaidi ya nusu, mashine ikasimama, ikaandika sentensi ya Kiingereza kwamba fanksheni nimeiita vibaya.

Mama akanyanyua kichwa. "Nimfuate tena?"

Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Nakiri mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini ilikuwa saa tisa na dakika, mtu ana bosi wake, na nikaona aibu kumwita mtu mara mbili kwa siku moja kama zimamoto. Nikasema, "Ngoja kwanza." Nikaongeza tena ule mstari wa nyota, ambao nilikuwa nimeshaufuta nikidhani kazi imekwisha, safari hii nikauweka baada ya nafasi za mbele kutupwa.

Jina lililoisimamisha likatoka. Nyota, jina moja, nyota. Limebana. Hakuna uwazi mbele wala nyuma wala katikati.

Nikaenda kwenye kitabu cha ubatizo. Mtoto yule alikuwa na jina moja. Pale pa baba palikuwa patupu, na mama yake nilimfahamu kwa kumwona, alikuwa anauza vitumbua karibu na stesheni. Ndivyo ilivyoandikwa siku ya ubatizo, nami ndivyo nilivyonakili.

Nikakaa nikaiwaza ile fanksheni kama nilivyomweleza mama. Tafuta nafasi ya kwanza. Kwa mtoto huyu hakuna nafasi. Isipoipata inajibu sifuri, hilo nilifundishwa. Kisha nimeituma ichukue herufi zinazotangulia, yaani sifuri utoe moja. Ni kama kumwambia mtu akuletee vikombe pungufu ya hakuna. Ikasimama, na mtu mwenye akili naye angesimama.

Nikaandika mistari miwili ya kwangu: ikiwa hakuna uwazi, basi jina lote ni jina la ubatizo, na chini pabaki patupu. Nikakosea alama mara mbili, nikasahihisha. Nikaiendesha. Kadi ikatoka, jina kubwa juu, safi.

Nikaitazama pale chini palipo patupu. Niliwaza kujaza kitu, jina la mama yake labda, ili isionekane kama kasoro ya mashine. Halafu nikaona mimi si mtu wa kumpa mtoto jina, wala kumwandikia kwamba halipo. Nikaiacha.

Aliporudi saa kumi printa ilikuwa inamalizia. Akaona mistari mipya kwenye kioo, akainama, akaisoma. Akasoma tena.

"Nani kakuandikia hii?"

"Nimejaribu tu. Kama si sawa tuifute."

"Ni sawa." Akanyooka. "Mimi nisingekumbuka mtoto wa jina moja. Kule tulikosoma mifano yote ilikuwa na majina matatu."

Sijui kama alisema kweli au alinipa moyo. Nimeliwaza mara nyingi. Naliweka hapa bila kuamua.

Saa kumi na moja halmashauri ikakaa kwenye ukumbi mdogo. Mimi nilitakiwa kuleta kadi na kusubiri barazani, lakini Paroko akasema nikae ndani. Mwenyekiti akavaa miwani, akazipitia moja moja, si kwa kutafuta kosa, alikuwa anazisoma tu kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Wengine walikuwa wanaongea habari za kuni na mapokezi. Alipofika kwenye ile kadi akasimama.

"Hapa chini patupu."

"Ndivyo kitabu kilivyo, mzee. Jina lake lipo juu."

Nilijua anamfahamu mama wa mtoto yule kuliko ninavyomfahamu mimi, alikuwa jirani yake. Akairudisha kwenye fungu lake, akaigeuza uso chini na nyingine zikafuata juu yake.

Mwisho akavua miwani. "Paroko, kadi ni nzuri. Nilisema makatekista waandike kwa mkono, hilo nalirudisha. Lile la sekondari silirudishi, wale wasichana bado wanachorewa ubaoni. Napendekeza mashine ibaki hapa mpaka Noeli, kisha tuzungumze tena."

Wakakubali. Hakunitazama, wala sikuona kwamba alitakiwa kunitazama. Ilikuwa hukumu ya haki. Ilipofika Noeli walizungumza, wakaiacha kwa mwaka mwingine, kisha sekondari wakapata ya kwao kwa njia zao, na neno lile halikurudi. Jumapili ya Pentekoste yule mtoto wa jina moja aliitwa kwa sauti kubwa kama wenzake. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikasikia.

Kijana yule wa stoo alihamishwa mwaka uliofuata. Nilimuaga kwa haraka barabarani, yeye ana mzigo, mimi nimebeba mafuta ya taa, na sikumwambia neno lolote la maana. Nilidhani naye anajua. Sasa najua watu hawajui mpaka uwaambie. Mambo mengi niliyofanya baadaye kwa mashine, kwa parokia na kwa watu wengine walionilipa, yalitoka kwenye saa ile moja aliposimama nyuma yangu mikono mfukoni. Angeweza kukaa kwenye kiti, akamaliza kwa dakika tano, akaenda kula. Hakula siku ile. Kama anasoma, ajue ninakumbuka kwamba hakula.

Jumatano ile tulirudi nyumbani Mlabani jua linazama, mimi na mama. Bibi na wadogo zangu walikuwa wametusubiri. Tulikula wali wa mpunga mpya, na kambale mkavu aliyepikwa kwa nyanya na bamia, na mama akaniwekea mimi kichwa, ambacho siku zote huwa cha bibi.